Likizo na Mshahara katika Nyumba ya Gavana: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu gavana wa Tanganyika na watu waliofuatana naye alipopita Dodoma kwa garimoshi la reli ya kati, nikasema kwamba mpambe wake na mpishi wake walipanda treni moja lakini hawakuwa chini ya kanuni moja ya kazi. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala nzima iliyoizunguka. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inagusa jambo lililonishughulisha miaka yote niliyokaa masijala, nikifungua majalada ya zamani na kuyafunga tena.

SWALI: Babu yangu mzaa mama, mtu wa hapa Mpwapwa, alikuwa mhudumu wa mezani katika nyumba ya gavana Dar es Salaam, akaacha kazi miaka michache kabla ya Uhuru. Alipofariki tulikuta kopo la tumbaku lenye karatasi mbili: barua ya sifa yenye saini ya Mzungu, na kikaratasi cha ruhusa ya siku kumi na nne. Hatukukuta karatasi yoyote ya pensheni. Je, watumishi wa gavana walikuwa na haki ya likizo yenye malipo? Na ikiwa walikuwa nayo, kwa nini babu yetu alirudi nyumbani mikono mitupu? (Msomaji wa kike, Mpwapwa)

JIBU: Dada yangu, pole kwa kumpoteza mzee, na hongera kwa kulitunza kopo hilo, kwa kuwa familia nyingi hazina hata kikaratasi kimoja cha namna hiyo.

Kabla ya kuuliza alistahili nini, ni lazima kuuliza jina lake liliandikwa wapi. Chini ya paa moja la nyumba ya gavana, ambayo leo ni Ikulu ya Dar es Salaam, waliishi watu wa namna tatu. Wa kwanza walikuwa wasaidizi wake wa karibu, yaani katibu binafsi na mpambe, ambao aliwachagua mwenyewe. Wa pili walikuwa watumishi wa serikali waliopangiwa kazi pale, kama makarani, matarishi, madereva na askari wa lindo, ambao kesho yake wangeweza kuhamishiwa ofisi nyingine bila nyumba kutikisika. Wa tatu walikuwa watu wa jikoni, wa mezani, wa kufua na wa bustani, wale ambao lugha ya enzi hiyo iliwaita maboi hata walipokuwa na wajukuu. Kundi la kwanza na la pili majina yao au vyeo vyao vilionekana katika makadirio ya matumizi ya serikali, ambayo tangu Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza kukutana mwaka 1926 yalipelekwa mbele ya baraza hilo kila mwaka. Kundi la tatu liligawanyika: wapo walioingizwa katika orodha ya malipo ya serikali kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa mali ya serikali, na wapo waliolipwa na bwana kutoka mfukoni mwake, wakaondoka alipoondoka.

Mgawanyo huo ndio ulioamua likizo. Ofisa wa serikali alikuwa na vitabu viwili vya kumlinda: Kanuni za Kikoloni zilizotolewa London kwa ajili ya makoloni yote, na Amri za Jumla zilizotungwa hapa nchini kueleza mambo ya kila siku, kuanzia siku za livu na nauli hadi posho ya safari na nyumba ya kuishi. Neno livu wazee wa Dodoma walilitumia sana kuliko likizo, na katika kumbukumbu za ofisi za zamani utalikuta limeandikwa hivyo hivyo hata ndani ya barua za Kiswahili. Mtumishi wa nyumbani aliyelipwa na bwana hakuwa na kitabu hata kimoja kati ya hivyo viwili. Yeye alikuwa chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923, na ukiisoma sheria hiyo utaona mara moja kwamba haikutungwa kwa kumfikiria yeye. Ilieleza mkataba, ilieleza malipo, na ilifanya kosa la jinai kile ambacho leo tungekiita kuvunja mkataba tu: mtumishi aliyetoroka kazini aliweza kutozwa faini au kufungwa. Likizo ya mwaka yenye mshahara haikuwamo. Sheria ya Ajira iliyotungwa mwaka 1955 ilichukua nafasi yake, lakini haki ya likizo yenye malipo kwa wafanyakazi wote ilisubiri marekebisho ya mwaka 1962, tulipokwisha kujitawala, ambayo pia yaliondoa kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi iliyowasumbua vibarua wa mashamba kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo, siku kumi na nne za babu yako zinaweza kuwa moja ya mambo mawili. Ikiwa alilipwa na serikali, zilikuwa livu ya ndani ya nchi kwa mujibu wa Amri za Jumla, na mshahara wake uliendelea. Ikiwa alilipwa na bwana, zilikuwa hisani: bwana aliruhusu, na bwana huyo huyo angeweza kukataa, hata kama mvua za Desemba zilikuwa zimeshaanza kunyesha Ugogo na shamba lilikuwa linamsubiri mwenyewe. Tazama sehemu ya juu ya kikaratasi hicho. Kama kuna nembo ya serikali au namba ya jalada, na chini kuna cheo na si jina tu, una sababu ya kuamini la kwanza. Kama ni karatasi ya barua ya kawaida yenye mwandiko na saini ya mtu, la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Kuhusu pensheni, nitasema bila kuzunguka. Pensheni ya kikoloni ilikuwa ya vyeo vilivyotajwa kuwa vya pensheni, na mhudumu wa mezani hakuwa katika vyeo hivyo. Aliyetumikia muda mrefu na kwa uaminifu aliweza kupewa kiinua mgongo, yaani fedha za mara moja, na mara nyingi aliyekipata ni yule ambaye mkubwa wake aliketi na kuandika barua ya kumwombea. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, na kwa tarehe ulizonitajia babu yako alikuwa amekwisha kurudi Mpwapwa. Barua ya sifa mliyoikuta ndiyo iliyokuwa mali yake ya uzeeni: kwa barua hiyo angeweza kubisha hodi kwa bwana mwingine na kupata kazi. Inaniuma kuandika hivyo, kwa sababu mtu aliyemtilia gavana chai kila alasiri aliwekewa akiba ndogo kuliko kikombe alichokibeba, ambacho kiliandikwa katika daftari la mali za serikali na kuhesabiwa kila mwaka.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Ningependa kujua ilikuwaje gavana mwenyewe alipokwenda likizo Uingereza. Nani alishika kazi, na wale wasaidizi wake wa karibu walilipwa vipi wakati hayupo? (Msomaji, Singida)

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Gavana hakuwa huru kuondoka apendavyo. Kanuni za Kikoloni zilimtaka apate ruhusa ya London, kwa njia ya Waziri wa Makoloni, kabla ya kutoka nje ya nchi aliyokabidhiwa, na akiondoka, serikali ilikuwa ikishikwa na anayekaimu, kwa kawaida Katibu Mkuu wa serikali. Anayekaimu alipata nyongeza kwa mzigo huo, na mapato ya gavana aliye likizoni yalipungua, kwa hoja kwamba sehemu ya fedha anazopewa gavana ni gharama za kukirimu wageni na kuiendesha nyumba, na mtu aliye mapumzikoni kwao hakirimu mgeni yeyote kwa niaba ya Tanganyika.

Maofisa Wazungu kwa jumla walifanya kazi kwa vipindi vya miaka miwili hadi mitatu, kisha wakapewa miezi kadhaa ya kwenda kwao wakiwa na mshahara kamili na nauli ya meli. Urefu wa likizo ulipimwa kwa miezi waliyotumikia hapa, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya: iliaminika kwamba mwili wa Mzungu huchakaa upesi katika joto. Katibu binafsi aliyetoka ndani ya utumishi wa serikali alikuwa na cheo chake cha asili cha kurudia, kwa hiyo likizo yake ilihesabiwa kama ya ofisa yeyote. Mpambe mara nyingi alikuwa ofisa kijana wa jeshi aliyeazimwa, na nafasi yake ilisimama juu ya mtu mmoja. Gavana akiondoka moja kwa moja, mpambe naye hufunga mizigo. Fikiria basi miaka kumi tu: Stewart Symes alikuwa gavana tangu 1931 hadi 1934, akafuata Harold MacMichael hadi 1938, kisha Mark Young hadi 1941. Mara tatu katika muda huo nyumba ilibadilisha bwana, na mara tatu wale waliolipwa kwa jina la bwana walisimama uani bila kujua kama anayekuja ana mpishi wake. Katika enzi ya Edward Twining, aliyekaa tangu 1949 hadi 1958, watumishi walipata utulivu ambao wenzao wa kabla yao hawakuupata.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, mwalimu, lakini linakwenda sambamba na swali lako. Bwana alipokwenda likizo ya miezi mingi, watumishi wake wa nyumbani walikuwa katika hali gani? Ilikuwa desturi ya baadhi ya mabwana kuwaacha kwa nusu mshahara ili wawakute watakaporudi, na wengine waliwaachisha na kuwapa barua ya sifa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa dobi hapa Dodoma, kwa ofisa wa jimbo, aliniambia nikiwa kijana kwamba yeye nusu mshahara hakuihesabu kuwa mshahara, aliiita kamba: inakufunga mlangoni usitafute kazi kwingine, na chakula hakitoshi. Aliikunja kamba hiyo kwa vidole hewani akinionyesha jinsi ilivyo nyembamba.

SWALI: Baba yangu alikuwa mpishi wa Wazungu hapa Kongwa wakati wa karanga. Je, naye anahesabiwa kuwa mtumishi wa gavana? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Hapana, na ni vizuri umeuliza, maana watu wengi huchanganya. Mpango wa karanga, yaani ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga kwa mashamba makubwa ulioanza mwaka 1947, uliendeshwa kwanza na kampuni ya United Africa kama wakala, kisha mwaka 1948 ukakabidhiwa Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililowajibika kwa Wizara ya Chakula ya Uingereza. Gavana alikuwa na mamlaka juu ya nchi, lakini mishahara ya Kongwa haikupita mezani kwake. Kama baba yako aliajiriwa na shirika, masharti yake yalikuwa ya shirika, na kama aliajiriwa na fundi mmoja wa matrekta, masharti yalikuwa ya fundi huyo. Ongeza kwamba mwaka 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulisambaa kufuata reli ya kati, na wafanyakazi wa Kongwa nao waligoma. Muulize mama au wazee wa rika lake kama baba alikuwapo, kwa sababu hiyo itakusaidia kujua mwaka aliofika.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba Mwafrika katika utumishi wa serikali alilipwa tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Ni kweli, au ni maneno ya siasa? Na ilihusu nyumba ya gavana pia? (Mtumishi wa umma kijana, Dodoma mjini)

JIBU: Ni kweli, na iliandikwa waziwazi. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali za Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu mwenye cheo kile kile apewe tatu ya tano. Maana yake ni kwamba ikiwa cheo kina pauni 500 kwa mwaka, Mwafrika au Mhindi aliyekikalia, mwenye sifa zile zile na meza ile ile, angepokea pauni 300. Tume ya Lidbury ya mwaka 1953 na 1954 ndiyo iliyoiondoa kanuni hiyo, ikaweka ngazi moja ya mishahara kwa wote, na aliyetoka ng'ambo akaongezewa fedha za kumvutia aje. Tofauti ya mapato haikwisha, lakini sababu yake ikabadilishwa jina.

Kwa nyumba ya gavana, kanuni hii ilimgusa karani aliyekuwa na cheo kinacholingana na cha Mzungu. Haikumgusa mpishi, kwa kuwa hapakuwa na mpishi Mzungu wa kumlinganisha naye. Ukifungua makadirio ya zamani, tofauti utaiona kwa macho kabla hujasoma tarakimu: mishahara ya wakubwa imeandikwa kwa pauni kwa mwaka, na ya watumishi wa chini kwa shilingi kwa mwezi. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo hesabu si ngumu, ila inabidi uifanye mwenyewe, kwa sababu waliopanga kurasa zile hawakuona haja ya kumlinganisha mtu wa juu na wa chini katika kipimo kimoja. Mimi nilipoifanya mara ya kwanza kwa penseli pembeni mwa daftari langu, nililifunga daftari nikatoka nje kidogo.

Waliobadilisha mambo hawakuwa tume peke yake. Katika miaka ya 1950 wafanyakazi wa majumbani na mahotelini walikuwa na chama chao, na Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, chama hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyounganishwa. Kima cha chini cha mshahara kwa Dar es Salaam kilianza kutumika mwaka 1957.

SWALI: Ninafanya kazi za ndani kwa ofisa mkubwa aliyehamia Dodoma na serikali. Ninakaa kwake. Ananiambia likizo yangu ni siku zile anapokwenda kwao Krismasi, na hapo nabaki kulinda nyumba. Nimesoma safu yako nikajiona. Sheria inasemaje? (Msomaji wa kike, Chamwino)

JIBU: Mwanangu, kubaki kulinda nyumba si likizo, ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuhusu wewe kama inavyomhusu karani wa benki. Mfanyakazi anayestahili ana haki ya siku 28 mfululizo za likizo kwa kila mwaka wa likizo, ndani yake zikihesabiwa sikukuu zinazoangukia humo, na mshahara wa siku hizo anapaswa kulipwa kabla hajaondoka. Mwajiri haruhusiwi kumfanyisha kazi katika kipindi hicho bila ridhaa yake. Wakati wa kwenda mnaweza kuupanga pamoja na kuzingatia mahitaji ya nyumba, lakini haki yenyewe haitegemei yeye kusafiri. Ukiugua, una siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, za nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na za nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Ukijifungua, ni siku 84, na 100 wakizaliwa mapacha.

Kuhusu mshahara, amri za kima cha chini za 2013 na 2022 ziliwapanga wafanyakazi wa nyumbani kwa kumtazama mwajiri. Anayefanya kazi kwa balozi au mfanyabiashara mkubwa ana kima chake, anayefanya kwa ofisa mwenye stahili ya kupewa mtumishi ana chake, na aliye kwa mtu wa kawaida ana cha chini zaidi. Nakiri kwamba kila nikisoma orodha hiyo namkumbuka yule mhudumu wa Mpwapwa, maana bado thamani ya ufagio inapimwa kwa cheo cha mwenye sebule. Lakini kwako wewe leo orodha hiyo ina faida: ikiwa mwajiri wako ni ofisa mwenye stahili, kima chako si kile cha nyumba ya jirani. Nenda ofisi ya kazi hapa Dodoma ukaulize kima kinachotumika sasa kwa daraja lako.

Fanya mambo haya kwa utulivu. Omba maelezo ya kazi kwa maandishi, kwa kuwa ni wajibu wake kukupa. Andika katika daftari lako tarehe ulizofanya kazi wakati wengine wamesafiri. Ukiachishwa, unastahili kulipwa siku za likizo ulizozichuma bila kuzitumia, nauli ya kukurudisha mahali ulipoajiriwa ikiwa kazi iliishia mbali na hapo, na cheti cha utumishi. Cheti hicho si hisani kama barua ya sifa ya zamani, ni haki. Mkishindwa kuelewana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya kuachishwa isivyo halali ndani ya siku 30, na mengine ndani ya siku 60, kwa hiyo usikae na uchungu hadi muda upite. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU nacho kinawapokea wafanyakazi wa majumbani.

Namrudia kidogo dada wa Mpwapwa, ambaye mwishoni mwa barua yake aliuliza atafute wapi zaidi. Majalada ya serikali ya Tanganyika yanatunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na barua zilizokwenda London kuhusu nchi hii ziko Kew, Uingereza, katika nyaraka za taifa la huko, kundi la CO 691. Usitegemee kumkuta babu kwa jina katika Kew. Anza na idara ya hapa, taja mwaka na jina la nyumba aliyofanyia kazi, na uchukue nakala za karatasi zako mbili. Zile za asili usizipeleke kwenye kibanda cha fotokopi zikafunikwe kwa plastiki ya moto, kwa maana joto hilo huharibu wino wa zamani na plastiki haitoki tena. Ziweke katika bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu, mbali na kopo la tumbaku, maana kutu ya kopo ndiyo iliyokula ile pembe uliyosema haisomeki.